Maji ya Kupoza na Njia ya Moshi: Ukarabati wa Injini za Majini na Maslahi ya Mwananchi wa Lumuma

KATIKA miaka ya karibuni, taarifa za Serikali kuhusu usafiri wa majini zimebeba hesabu za aina mbili: idadi ya vyombo na mabilioni ya shilingi. Wananchi wameelezwa kuhusu ujenzi wa MV Mwanza, ukarabati wa MV Victoria na MV Butiama katika Ziwa Victoria, mkataba wa kuirejesha MV Liemba katika Ziwa Tanganyika, pamoja na mikopo ya boti za uvuvi katika maziwa na ukanda wa pwani. Hesabu hizo ni muhimu, kwa kuwa fedha zinazotumika ni za umma. Hata hivyo, umri wa chombo baada ya sherehe za makabidhiano hutegemea kwa sehemu kubwa mifumo miwili iliyofichika chini ya sitaha: mmoja unaingiza maji ya kupoza injini, na mwingine unatoa moshi.

Mifumo hiyo haipigwi picha siku ya uzinduzi. Ikifanya kazi vizuri, abiria hawaijui. Ikiharibika, injini yenye thamani kubwa inaweza kuungua kichwa cha silinda ndani ya dakika chache, na chombo kikabaki kinasukumwa na mawimbi katikati ya maji. Kwa sababu hiyo, mjadala wa ukarabati wa meli na boti una haja ya kushuka kutoka kwenye rangi mpya ya ubavuni hadi kwenye mabomba ya chumba cha injini.

Lumuma ina hisa gani katika meli?

Kwa mtazamo wa haraka, jambo hili halimhusu mkazi wa Lumuma, kata ya milimani katika Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, inayopakana na Wilaya ya Mpwapwa mkoani Dodoma. Lumuma inafahamika kwa vitunguu vinavyolimwa kwa kilimo cha umwagiliaji, wala haina ziwa wala pwani. Mkulima wake anaweza kumaliza umri wake bila kupanda meli hata mara moja.

Pamoja na hayo, zipo sababu tatu zinazomfanya kuwa mdau. Ya kwanza ni kodi. Meli za umma hazimilikiwi na wakazi wa Mwanza, Bukoba au Kigoma pekee. Kila shilingi ya ushuru inayokatwa kwenye gunia la vitunguu na kila kodi iliyomo katika bei ya mafuta, sabuni au muda wa maongezi huingia katika mfuko mpana wa umma, wa halmashauri au wa Taifa, ambao ndio unaogharimia huduma za nchi hii. Mwananchi aliyechangia ana haki ya kufahamu kama injini iliyonunuliwa kwa fedha yake itaishi miaka ishirini au mitano.

Sababu ya pili ni soko. Dagaa wanaouzwa katika magulio ya wilaya za ndani huvuliwa kwa vyombo vya majini kabla ya kupakiwa katika malori. Chombo kinaposimama kwa kuharibika injini, gharama huishia katika bei ya fungu la dagaa sokoni.

Sababu ya tatu ni ya kihistoria. Meli kongwe kuliko zote katika maziwa ya Tanzania ilipita Kilosa ikiwa vipande. MV Liemba ilijengwa mwaka 1913 mjini Papenburg, Ujerumani, kwa jina la Graf von Götzen. Ilifunguliwa, ikafungwa katika masanduku, ikasafirishwa kwa bahari hadi Dar es Salaam, kisha kwa Reli ya Kati kuelekea Kigoma, ambako iliunganishwa upya na kuteremshwa majini mwaka 1915. Reli hiyo hupita Kilosa, kando ya Mto Mkondoa. Wilaya iliyo mbali na ziwa ilikuwa njia ya kupitishia injini za ziwa.

Funzo lililozamishwa na kuibuliwa

Historia ya Liemba ina funzo la kiufundi ambalo halijapitwa na wakati. Mwezi Julai 1916, Wajerumani waliokuwa wakirudi nyuma katika Vita ya Kwanza ya Dunia waliizamisha meli hiyo wenyewe ili isitwaliwe na adui. Kabla ya kuizamisha, wahandisi wake walizipaka injini grisi nyingi. Meli ilikaa chini ya maji hadi ilipoibuliwa na Waingereza mwaka 1924, na injini zake zikakutwa katika hali iliyowezesha kutumika tena. Mwaka 1927 ilirudi kazini kwa jina la Liemba.

Injini hizo zilikuwa za mvuke. Katika miaka ya 1970 meli iligeuzwa kutumia dizeli, na mwaka 1993 ilifanyiwa ukarabati mkubwa kwa msaada wa Denmark na kufungiwa injini nyingine. Mwaka 2023 Serikali ilitia saini mkataba na kampuni ya Brodosplit ya Croatia kwa ajili ya ukarabati mwingine mkubwa.

Kila mabadiliko ya namna hiyo hugusa zaidi ya injini yenyewe. Katika meli ya mvuke, dohani hutoa moshi wa tanuru linalochemsha maji, na maji ya ziwa hutumika kugeuza mvuke kuwa maji tena. Meli inapohamia kwenye dizeli, dohani ile ile hubeba mabomba ya moshi wa injini, na maji ya ziwa hupewa kazi mpya ya kupoza silinda, mafuta ya kulainishia na hewa inayosukumwa na turbochaja. Anayebadili injini akaacha mabomba ya zamani amefanya nusu ya kazi, na mara nyingi ile nusu aliyoiacha ndiyo inayoirudisha meli katika karakana.

Ziwa Victoria linatoa mfano wa karibu zaidi. MV Victoria ilijengwa Glasgow, Uskoti, ikasafirishwa kwa vipande na kuunganishwa Kisumu, ikaanza kazi mwaka 1961. Ilisimama kutoa huduma mwaka 2014. Septemba 2018 ulitiwa saini mkataba wa kuikarabati, uliogharimu takriban shilingi bilioni 22.7, na mwaka 2020 meli ilirejea majini ikiwa na injini mpya. Sambamba nayo ilikarabatiwa MV Butiama, likajengwa chelezo jijini Mwanza, na ukaanza ujenzi wa MV Mwanza, meli yenye urefu wa mita 92.6 iliyosanifiwa kubeba abiria 1,200 na tani 400 za mizigo, ambayo iliteremshwa majini Februari 2023.

Chelezo hilo linastahili kuangaliwa kwa makini zaidi kuliko linavyoangaliwa. Bila mahali pa kuipandisha meli nchi kavu, milango ya chini ya maji ambayo injini hunywea haiwezi kusafishwa wala kubadilishwa valvu zake ipasavyo. Kwa hiyo, fedha iliyojenga chelezo ni sehemu ya gharama ya kupoza injini, hata kama haikuandikwa hivyo katika taarifa.

Joto linakokwenda

Ili kuelewa uzito wa suala hili, mwananchi anahitaji kujua jambo moja kuhusu injini ya dizeli: sehemu kubwa ya mafuta inayoyachoma haigeuki kuwa mwendo. Kwa kadirio la jumla, kati ya theluthi moja na mbili ya tano ya nishati ya mafuta huzungusha pangaboi. Inayobaki hugawanyika katika njia mbili. Sehemu moja hutoka na moshi, ambao katika injini inayofanya kazi kwa nguvu unaweza kufikia nyuzijoto 400 hadi 500 za Selsiasi. Sehemu nyingine hubebwa na maji yanayozunguka ndani ya kuta za injini.

Chukua mfano wa boti yenye injini ya ndani ya kilowati 100, yaani injini iliyofungwa ndani ya boti ikizungusha pangaboi kwa mhimili, tofauti na ile ya kupachika nyuma. Ikifanya kazi kwa nguvu zake zote, injini hiyo inaweza kuhitaji kuondoa takriban kilowati 80 za joto kwa njia ya maji. Ikiwa maji yanaruhusiwa kupanda joto kwa nyuzi 10 tu kuanzia yanapoingia hadi yanapotoka, hesabu ya kawaida ya fizikia inaonesha kwamba zinahitajika takriban lita 115 za maji kila dakika. Bomba likizibika nusu, maji yatakayopita ni nusu, na ongezeko la joto litakuwa maradufu. Hakuna dereva hodari wala dua itakayobadili hesabu hiyo.

Injini ya gari hupozwa na hewa inayopita kwenye rejeta. Injini ya ndani ya boti imefungiwa katika chumba kisicho na upepo, hivyo haina budi kutegemea maji yanayoizunguka. Maji hayo nayo hayalingani. Viwango vya kimataifa vinavyotumiwa na mashirika ya uainishaji wa meli huelekeza mitambo isanifiwe kwa kuzingatia maji ya bahari yenye nyuzijoto 32 na hewa ya chumba cha injini ya nyuzijoto 45. Kwa nchi za ukanda wa tropiki, hali hizo si za kubuni. Vifaa vilivyokadiriwa kwa bahari ya baridi, vikiletwa Tanga au Kigoma bila kukokotolewa upya, vinaweza kuwa vidogo kwa kazi inayovisubiri.

Kutoka maji ya moja kwa moja hadi mzunguko uliofungwa

Njia rahisi na ya zamani ya kupoza injini ya boti ni kuvuta maji ya bahari au ziwa, kuyapitisha moja kwa moja ndani ya injini, kisha kuyamwaga nje. Njia hii ni ya gharama nafuu, lakini ina adui wawili. Baharini, chumvi huanza kuganda katika kuta za injini joto linapopanda, jambo linalolazimisha injini iendeshwe ikiwa na ubaridi kuliko inavyostahili, huku kutu ikiila kwa ndani. Ziwani chumvi si tatizo kubwa, lakini tope, mchanga na mimea huingia pamoja na maji. Katika Ziwa Victoria, magugu maji yamekuwa yakiziba milango ya maji ya vyombo kwa miongo kadhaa.

Uboreshaji unaofanyika sasa katika vyombo vingi ni kuhamia kwenye mzunguko uliofungwa. Ndani ya injini huzunguka maji safi yaliyochanganywa na dawa ya kuzuia kutu. Maji hayo hupita katika kifaa cha kubadilishana joto, ambamo yanatenganishwa na maji ya nje kwa mirija myembamba ya chuma. Joto linavuka, maji hayachanganyiki. Kwa njia hiyo chumvi na tope huishia katika kifaa kinachoweza kufunguliwa na kusafishwa, na injini yenyewe inabaki salama.

Ipo pia njia ya tatu, inayofaa zaidi katika maji ya tope: maji safi ya injini hupitishwa katika mabomba yaliyofungwa nje ya chombo, chini karibu na mkuku, yakipozwa kwa kugusana na ziwa au mto wenyewe. Hapa hakuna maji ya nje yanayoingia ndani kupoza injini, kwa hiyo hakuna chujio la kuzibika. Udhaifu wake ni kwamba mabomba hayo yanaweza kugonga mwamba au kufunikwa na konokono na mwani, hivyo chombo lazima kipandishwe nchi kavu kwa vipindi vinavyojulikana.

Kila njia ina vipuri vyake vidogo vinavyoamua matokeo. Pampu ya maji ya nje huwa na kigurudumu cha mpira chenye mabawa. Kikizunguka bila maji hata kwa muda mfupi, mabawa hukatika na vipande vyake kusafiri hadi kwenye mirija na kuiziba. Vipande vya zinki hufungwa baharini ili viliwe na kutu badala ya chuma cha injini, na vikiisha bila kubadilishwa, kutu huhamia kwenye mirija yenyewe. Chujio la maji huhitaji kufunguliwa kabla ya safari. Kwa kawaida, bei ya vipuri hivi vyote kwa pamoja ni sehemu ndogo sana ya bei ya injini moja.

Moshi unaoweza kuua

Njia ya moshi nayo ina miundo miwili. Katika mfumo mkavu, unaotumika zaidi katika meli kubwa, bomba hupanda moja kwa moja hadi kwenye dohani. Kwa kuwa bomba hilo lina joto kali, hufunikwa kwa tabaka za kuzuia joto. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, unaofahamika kwa kifupi chake cha SOLAS, unaelekeza kwamba sehemu zenye joto linalozidi nyuzi 220 zinazoweza kurukiwa na mafuta pindi mfumo wa mafuta unapoharibika zifunikwe. Sababu yake ni dhahiri: bomba la mafuta likipasuka na mafuta yakarukia chuma kilicho wazi, moto huwaka bila kiberiti. Fundi anayevua kifuniko hicho ili afikie boliti, kisha akaacha kukirudisha, ameacha hatari isiyoonekana kwa abiria.

Katika mfumo wa maji, unaopatikana zaidi katika boti ndogo, maji yaliyokwisha kupoza injini huchanganywa na moshi kwenye kiwiko cha bomba. Moshi hupoa ghafla kutoka nyuzi mia kadhaa hadi kiwango ambacho bomba la mpira linaweza kustahimili, kelele hupungua, na mchanganyiko hutoka nyuma ya boti. Hapo ndipo mifumo miwili inapokuwa mmoja. Maji yakikatika, injini huchemsha, na papo hapo bomba la mpira linaungua kwa sababu hakuna tena kinachopoza moshi. Hitilafu moja huzaa mbili.

Hatari ya pili ya mfumo huu ni maji kurudi nyuma. Kiwiko kikifungwa chini mno ukilinganisha na usawa wa maji, au valvu ya kukata mvuto isipofungwa, maji yanaweza kuingia taratibu kwenye silinda boti ikiwa imetia nanga. Asubuhi dereva akiwasha injini, pistoni hukutana na maji, na maji hayakubali kushindiliwa. Mkono wa pistoni hupinda. Ndiyo maana kubadili injini bila kupima upya kimo cha kiwiko ni kosa linalojirudia katika karakana nyingi duniani.

Hatari ya tatu haina harufu wala rangi. Moshi unaovuja katika chumba kilichofungwa hubeba hewa ya sumu ya kaboni monoksidi, ambayo humlegeza mtu kabla hajatambua kilichompata. Injini za petroli hutoa sumu hiyo kwa wingi zaidi, lakini injini ya dizeli yenye bomba lililotoboka katika chumba kisicho na hewa si ya kuaminiwa.

Wahenga walisema, hata ukienda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Katika chombo cha leo msemo huo una maana ya moja kwa moja. Maji yanayovuja kwenye pampu, mafuta yanayodondoka, masizi yanayotiririka kutoka kwenye maungio ya bomba, vyote huishia ngamani. Mkaguzi anayetaka kujua ukweli wa injini huanza kwa kumulika huko.

Boti za mikopo na deni linaloelea

Uzito wa suala hili umeongezeka tangu Serikali ilipoanza kuwakopesha wavuvi vyombo vya kisasa. Januari 2024, jijini Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alikabidhi boti na vizimba vya kufugia samaki kwa vikundi na watu binafsi, katika mpango wa mikopo inayopitia Benki ya Maendeleo ya Kilimo Tanzania. Dhamira ya mpango huo ni kumtoa mvuvi kwenye mtumbwi wa mbao na kumfikisha kwenye maji ya mbali.

Boti ya mkopo hutofautiana na meli ya umma kwa jambo moja: mmiliki wake analipa kila msimu. Injini ikisimama kwa mwezi mmoja ikisubiri kipuri, rejesho halisimami. Boti nyingi ndogo hutumia injini ya kupachika nje, ambayo hutegemea maji hayo hayo na pampu ya aina hiyo hiyo. Zile zenye injini ya ndani ya dizeli huongezewa mzigo wa chumba cha injini na bomba la moshi. Kwa hali yoyote, mafanikio ya mkopo yanategemea kikundi kiwe na mtu anayejua kufungua chujio, kutambua kigurudumu cha pampu kilichochakaa, na kuzima injini mara sindano ya joto inapopanda badala ya kujipa moyo kwamba ufuko uko karibu.

Vyuo vya kutoa ujuzi huo vipo. Wakala ya Elimu na Mafunzo ya Uvuvi ina kampasi zikiwamo za Mbegani, Nyegezi na Kibirizi. Chuo cha Bahari Dar es Salaam huandaa wahandisi na mabaharia wa meli. Vyuo vya VETA, kikiwamo cha Kihonda mjini Morogoro, hufundisha ufundi wa injini ambao msingi wake ni ule ule. Kijana wa Kilosa mwenye stadi za injini za dizeli hazuiwi na umbali wa bahari kupata kazi Mwanza au Kigoma. Uhaba wa mafundi wa injini za majini ni fursa ya ajira kwa vijana wa wilaya za ndani pia.

Nafasi ya ukaguzi

Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, TASAC, lililoundwa kwa Sheria Namba 14 ya mwaka 2017, ndilo lenye dhamana ya kukagua usalama wa vyombo vya majini Tanzania Bara. Zanzibar ina Mamlaka yake ya Usafiri Baharini. Ukaguzi unaogusa kupoza na moshi hauhitaji mitambo ya ajabu. Unahitaji kuona kama maji yanatoka kwa wingi injini inapowashwa, kama vifuniko vya mabomba viko mahali pake, kama kengele ya joto inalia inapojaribiwa, na kama kumbukumbu za matengenezo zinaandikwa.

Ni vyema pia kuwa waangalifu katika kutoa hukumu. Ajali kubwa zilizoliumiza Taifa, ikiwamo ya MV Bukoba ya Mei 1996 na ya MV Nyerere ya Septemba 2018, zilihusishwa zaidi na wingi wa abiria na mizigo na uthabiti wa chombo. Injini iliyopozwa vizuri haiwezi kuokoa chombo kilichojazwa kupita kiasi. Lakini chombo kilichopakiwa kwa kiasi, kikizimikiwa injini katika upepo mkali, hupoteza uwezo wa kuelekeza omo kwenye mawimbi, na hapo hata mzigo halali huwa hatari. Usalama ni mnyororo, na kupoza injini ni pete mojawapo ambayo gharama yake ni ndogo na faida yake haionekani hadi siku inapokosekana.

Kwa upande wa manunuzi ya umma, maana yake ni kwamba mkataba wa kubadili injini unapaswa kutaja kwa maandishi mambo ambayo mara nyingi huachiwa busara ya mkandarasi: joto la maji lililotumika katika usanifu, kipenyo cha mabomba mapya, kimo cha njia ya moshi, mgandamizo wa moshi unaoruhusiwa na mtengenezaji wa injini, vipuri vya miaka ya mwanzo, na mafunzo ya wahudumu kwa lugha wanayoielewa. Mgandamizo huo una umuhimu wa pekee. Bomba la moshi likiwa jembamba au lenye kona nyingi, injini hulazimika kusukuma moshi wake kwa nguvu ambazo zingesukuma chombo. Mafuta huongezeka, masizi huongezeka, na joto hupanda. Injini kubwa iliyofungwa kwenye bomba la injini ndogo ni mtu mzima aliyevalishwa shati la mtoto.

Somo linalorudi bondeni

Mkazi wa Lumuma ana sababu ya nne ya kufuatilia jambo hili, nayo iko jirani na nyumba yake. Injini ya dizeli ya mashine ya kusaga katika vijiji vingi nchini hupozwa kwa pipa la maji lililosimama kando yake. Maji ya moto hupanda, ya baridi hushuka, na mzunguko hujiendesha wenyewe. Pipa likipungua maji au bomba likijaa gamba la chokaa, mashine huchemsha kama inavyochemsha boti. Bomba lake la moshi likikatwa fupi na kuishia ndani ya kibanda, anayesaga na wateja wake huvuta kile ambacho mabaharia huambiwa wasikivute.

Vivyo hivyo kwa mkulima anayetumia pampu yenye injini kuvuta maji ya kumwagilia vitunguu. Pampu hiyo haifai kuteremshwa ndani ya kisima au shimo ili ifikie maji, kwa kuwa moshi wake ni mzito kuondoka mahali pasipo upepo, na anayeshuka kuizima anaweza asipande tena. Anayemfuata kumwokoa hukutwa na hali ile ile. Injini hukaa juu, penye hewa. Mpira wa kunyonya maji ndio unaoshuka. Pale kina kinapozidi uwezo wa kunyonya wa pampu, inahitajika pampu ya aina nyingine.

Maji ya milima ya Kilosa hukusanywa na Mto Mkondoa, huungana na Wami na kumwagika katika Bahari ya Hindi, ambako huelea vyombo vinavyopozwa kwa bahari hiyo. Mwananchi wa bondeni anapoisikia tena taarifa ya meli iliyokarabatiwa au boti zilizokopeshwa, ana maswali matatu ya haki anayoweza kuyauliza kupitia kwa diwani, mbunge au dawati la malalamiko la taasisi husika: mabomba yalibadilishwa pamoja na injini, nani amefundishwa kuyatunza, na vipuri vyake vinapatikana wapi hapa nchini. Majibu ya maswali hayo yakiwa wazi, mabilioni yaliyotangazwa yatakuwa na nafasi ya kuelea muda mrefu kuliko utepe uliokatwa siku ya uzinduzi.